Mwanga juu ya mawe meusi: kupiga, kuchuja na kutunza filimu geuzi ya rangi hapa Goma

Wazee wetu, mama zetu, dada na kaka mnaobeba kamera, karibuni.

Tumeombwa kuzungumza juu ya filimu ya sinema ya rangi, ile aina ambayo ikitoka kwenye dawa inakuwa picha yenyewe na si negatifu. Tuiite filimu geuzi. Ukiinua kipande chake dirishani unaona ziwa la buluu, kikwembe chekundu na bidoni la njano, kila kitu kwa rangi yake. Kipande kilichopita ndani ya kamera ndicho kitakachopita ndani ya projekta au skana. Hakuna fundi wa kati wa kuchapa nakala na kuongeza mwanga hapa au kupunguza buluu pale. Kila uamuzi unafanywa kabla kidole hakijabonyeza kamera, na ndiyo maana leo tutakaa zaidi kwenye vipimo kuliko kwenye sifa za uzuri wake.

Tuanze na kinachotokea ndani ya dawa, maana makosa yote yanaelezeka kutoka hapo. Filimu ina matabaka matatu: moja linahisi buluu, jingine kijani, jingine nyekundu. Dawa ya kwanza inageuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Chembe zilizobaki, ambazo hazikuguswa, zinaamshwa na dawa ya kugeuza, kisha dawa ya rangi inajenga rangi mahali pa chembe hizo. Mwishoni fedha yote inatolewa, rangi peke yake inabaki. Matokeo yake ni haya: palipoanguka mwanga mwingi, hakuna chembe za kujenga rangi, filimu inabaki plastiki wazi. Pasipoanguka mwanga, rangi zote tatu zinarundikana na kuwa giza nene. Kwa negatifu, ukizidisha mwanga hatua mbili za diafragma, yaani tundu la lenzi (kila hatua ni mwanga mara mbili au nusu yake), bado kuna picha ndani ya ule weusi. Kwa filimu geuzi, shati jeupe lililozidishiwa hatua mbili ni plastiki tupu, na skana ya bei yoyote haitapata kitu pale. Ukipunguza mwanga nusu hatua, rangi zinakolea, na wengine wanapenda hivyo. Ukipunguza hatua moja na nusu, nywele, macho na koti la bluu vinaingia gizani na havitoki.

Chukueni hivi: uvumilivu wake ni nusu hatua kila upande, basi. Kati ya cheupe ambacho bado kinaonyesha umbile na cheusi ambacho bado kinaonyesha umbile inabeba hatua tano, kwa bahati sita.

Sasa mji wetu. Tunatembea juu ya lava. Barabara nyingi, kuta za viwanja, hata misingi ya nyumba ni mawe ya volkano, meusi. Juu yake kuna anga jeupe la mawingu au jua la ikweta, na kando kuna ziwa linalorudisha mng'ao. Katikati anasimama mtu mwenye ngozi nyeusi, pengine amevaa shati jeupe la Jumapili. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui lolote kati ya hayo. Kinaamini kwamba kila kinachokiona ni kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Kielekeze kwenye lava, kinadhani kuna giza, kinafungua lenzi hatua mbili zaidi, na shati linaungua. Kielekeze kwenye mng'ao wa ziwa pale Kituku, kinafunga lenzi, na mama muuza samaki anakuwa kivuli. Si kwamba kimeharibika. Kimejibu swali ambalo hukuliuliza.

Dawa ya tatizo hilo ni kupima mwanga unaoanguka, si ule unaorudi. Tumia kipima mwanga cha mkononi chenye kuba jeupe. Simama mahali pa mhusika, katika mwanga uleule unaompiga yeye, elekeza kuba kwenye kamera, soma. Jibu halitajali kama ameketi juu ya lava au juu ya chokaa. Na hesabu inakubali: shati jeupe linakaa hatua mbili na kidogo juu ya kijivu, ngozi nyeusi sana hatua moja au moja na nusu chini, lava hatua mbili chini. Jumla ni hatua nne na ushee. Filimu inabeba yote, mradi yote yamepigwa na mwanga mmoja. Ukipiga uso peke yake, karibu, bila kitu cheupe ndani ya fremu, unaweza kufungua nusu hatua zaidi ya kipimo. Ngozi itang'aa vizuri na hakuna cha kuungua. Kinyume chake hakifai: usifungue kwa ajili ya uso wakati shati jeupe au anga jeupe limejaa nusu ya fremu. Geuza kamera, shuka chini kidogo uondoe anga, au mvute mtu kando ya ukuta. Kubadilisha mahali pa kusimama ni rahisi kuliko kubembeleza filimu.

Asiye na kuba jeupe atumie kadi ya kijivu, aishike mahali pa uso, aijaze kwenye kipimo cha kamera, aiache diafragma hapohapo, kisha apige. Asiye na kadi apime kiganja chake katika mwanga uleule. Kiganja, hata cha mtu mweusi sana, ni cheupe kuliko kijivu kwa nusu hatua mpaka hatua moja. Linganisha chako mara moja na kadi ya kuazima, andika tofauti, uikumbuke.

Kuna jambo ambalo lava inaharibu kimyakimya. Mahali penye mchanga mweupe au saruji, ardhi inarudisha mwanga chini ya kidevu na ndani ya macho. Lava hairudishi kitu. Saa sita mchana, jua likiwa karibu utosini, matundu ya macho yanakuwa giza tupu, na filimu geuzi inalikoleza giza hilo. Pigeni kati ya saa moja na saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu jioni. Kama lazima iwe mchana, tafuta kivuli kilicho wazi, chini ya paa la baraza, au weka shuka jeupe au ubao mweupe chini nje ya fremu urudishe mwanga. Pima upande wa mwanga na upande wa kivuli wa uso: tofauti ikizidi hatua mbili, sogeza shuka karibu.

Tuje kwenye namba. Filimu geuzi ya sinema inayouzwa mpya leo kwa urahisi zaidi ni Kodak Ektachrome 100D, namba 7294 kwa milimita 16 na Super 8. Ni ya mwanga wa mchana, kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga), hisia yake kwa mwanga, yaani ISO, ni 100, na dawa yake ya kusafishia inaitwa E-6. Kamera ya fremu 24 kwa sekunde yenye shata (kisahani kinachozunguka kufungua na kuziba mwanga) la digrii 180 inatoa sehemu ya 1/48 ya sekunde, hesabu 1/50. Jua kali, mhusika ameangaliwa na jua usoni: f/22 (namba ya tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Jua la ubavuni, fungua nusu mpaka hatua moja. Mawingu mepesi yasiyotoa kivuli: f/11. Mawingu mazito ya msimu wa mvua, au kivuli wazi: f/8. Namba hizi zisiue kipima mwanga chenu, ila zikipishana nacho kwa zaidi ya hatua moja, kuna kitu kimoja kati ya viwili kinadanganya, na mara nyingi ni betri.

Kuhusu betri hiyo. Vipima mwanga vingi vya miaka ya 1960 na 1970 vilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Mtu anaweka ya alkali ya volti 1.5, inaingia vizuri, sindano inasogea, na kipimo si sahihi. Betri ya hewa na zinki, ile ya vifaa vya kusikia, inatoa volti 1.4 hivi na inakaribia zaidi. Haidumu, lakini kwa bobini chache inatosha.

Kila kamera ina shata lake. Bolex H16 Reflex, ambayo bado inazunguka mikononi mwa watu, ina shata la digrii 133 hivi: kwa fremu 24 ni 1/65 ya sekunde. Tena prizimu inayopeleka picha kwenye jicho lako inakula karibu robo ya mwanga. Kwa hiyo weka kipima chako kwenye 1/80. Mwenye kusahau hili atapunguza mwanga karibu theluthi mbili za hatua kwenye kila fremu, na atalaumu maabara. Matoleo yenye shata linalofungwa yana mtego mwingine: mtu analifunga nusu kwa ajili ya jua, halafu anaingia ndani ya nyumba bila kulifungua. Angalieni kijiti cha shata kabla ya kila pigo, pamoja na spidi. Spidi ikishuka kutoka 24 hadi 18, mwanga unaongezeka karibu nusu hatua. Yaani uvumilivu wako wote umekwisha kabla hujakosea kitu kingine.

f/22 ni namba ya kuepuka. Kwenye fremu ndogo ya milimita 16, na zaidi kwenye Super 8, tundu dogo hivyo linapinda mwanga na picha inalainika, tena kila vumbi kwenye lenzi linaonekana. Hapo ndipo filta ya kijivu inapofaa. ND 0.3 inakula hatua moja, 0.6 mbili, 0.9 tatu. Kwa jua letu, 0.9 inakuleta f/8, mahali ambapo lenzi nyingi ni kali. Nunueni ya kioo, ya jina linaloaminika. Filta ya kijivu ya bei ya chini mara nyingi si kijivu. Ina kahawia au kijani ndani yake, na filimu geuzi itakuonyesha hilo bila huruma.

Super 8 tuiseme peke yake, maana wengi wenu mnaanza nayo. Katriji ina futi 50, mita 15, fremu 3,600: dakika 2 na sekunde 30 kwa spidi ya 24, dakika 3 na sekunde 20 kwa spidi ya 18. Kamera nyingi zilijengwa wakati filimu ya kawaida ilikuwa ya mwanga wa taa, kwa hiyo ndani yake kuna filta ya rangi ya chungwa, namba 85, inayokaa mbele ya filimu muda wote. Filimu ya 100D haiihitaji. Ukiiacha humo, dunia nzima inakuwa ya chungwa na mwanga unapungua theluthi mbili za hatua. Kamera ina kiswichi chenye alama mbili, jua na taa. Ajabu yake ni kwamba ili kuitoa filta hiyo lazima uweke kiswichi kwenye taa, hata kama umesimama juani. Kwenye kamera nyingine kinachoitoa ni ufunguo mdogo au skrubu juu ya kamera. Usibahatishe: fungua mlango, weka spidi ya fremu moja moja, angalia kupitia lenzi upande wa mwanga, utaona rangi ya chungwa ipo au haipo.

Halafu hisia. Kamera za bei ndogo zinajua namba mbili tu, 40 na 160. Ikiisoma 100D kama 160, itapunguza mwanga theluthi mbili za hatua. Ikiisoma kama 40, itazidisha hatua moja na theluthi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kama seli ya kupimia iko nje ya lenzi, ND 0.4 mbele ya lenzi inarekebisha ile ya 40. Kama seli inapima kupitia lenzi, filta hiyo haisaidii hata kidogo, kwa sababu seli nayo inaona giza na kufungua diafragma tena. Hapo unahitaji diafragma ya mkono, au kitufe cha kufunga kipimo: pima kitu ambacho ni hatua moja na theluthi cheupe kuliko kijivu, kama karatasi iliyochakaa uliyoilinganisha kabla na kadi, funga kipimo, kisha geukia mhusika. Kamera isiyokuwa na hata kimoja kati ya hivyo muuzieni mpiga filimu nyeusi na nyeupe.

Filta za rangi sasa. Tusichanganye kazi mbili. Kuna filta za kulinganisha mwanga na filimu, na kuna za ladha. Za kulinganisha zinahesabika, na mwenye kupenda hesabu atumie miredi: gawanya 1,000,000 kwa kelvini. Filimu ya 5500 ina miredi 182. Wingu zito la kelvini 7000 lina 143. Pengo ni 39, na filta 81C inaongeza 35, inatosha. Kivuli chini ya anga la buluu kinaweza kufika kelvini 10000, yaani 100. Pengo ni 82, na filta 85C inaongeza 81. Bila hiyo, mtu aliye kivulini kando ya ukuta atakuwa na vivuli vya buluu kwenye paji la uso. Kwenye ngozi nyeusi buluu hiyo inaonekana kama majivu, na hakuna mtu anayependa kuonekana mgonjwa kwenye harusi yake. 81A au 81B inapaswa kukaa mfukoni mwa kila mpiga filimu wa Goma katika msimu wa mvua. Zinakula theluthi moja ya hatua tu.

Ndani ya nyumba kwa balbu za moto za kelvini 3200 unahitaji filta ya buluu, 80A, na hisia ya filimu inashuka kutoka 100 hadi 25. Hatua mbili! Kwa sebule ya kawaida hiyo ni kujitesa. Afadhali fungua mapazia, weka mhusika karibu na dirisha, uzime balbu zote. Taa za LED na za kuokoa umeme ni shida nyingine: pakiti inaandika kelvini 5500 au 6000, jicho linakubali, lakini nyingi zina kijani kilichojificha. Ukilazimika, jaribu kwanza fremu chache pamoja na filta ya zambarau nyepesi, CC10M, kisha CC20M, kisha CC30M. Taa ya petroli na mshumaa ziko karibu na kelvini 1900. Zitatoka za chungwa, na hapo ziacheni zitoke hivyo, ndiyo sura yake.

Tuko kwenye mita 1,460 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno huongezeka kadiri unavyopanda. Filimu inaihisi ingawa jicho halioni, na milima ya mbali inakuwa na ukungu wa buluu. Filta ya UV au 1A inasaidia na haili mwanga wowote. Hata hivyo, katika kiangazi cha Juni mpaka Agosti kinachouficha mlima wa volkano wa Nyiragongo ni vumbi na moshi, na hakuna filta inayofukuza moshi. Filta ya polaraiza inakoza anga na kuondoa mng'ao wa maji; inakula hatua moja na nusu mpaka mbili. Inafanya kazi zaidi kwa anga lililo digrii 90 kutoka jua. Hapa saa sita mchana jua liko juu kabisa, kwa hiyo upeo wote wa macho unakoza. Asubuhi ni kaskazini na kusini. Msizungushe kamera kutoka mashariki hadi kaskazini na polaraiza mbele, anga litabadilika rangi katikati ya pigo.

Bolex ina kitundu cha filta ya jelatini nyuma ya lenzi. Kishikizo lazima kiwe ndani hata bila filta, la sivyo mwanga unapenya na kuacha mistari. Na jelatini iliyo karibu hivyo na filimu ikiwa na alama ya kidole, alama hiyo itaonekana kwenye kila fremu. Ishikeni kwa kingo.

Kabla ya kazi kubwa fanyeni jaribio: mtu mmoja, shati jeupe, kadi ya kijivu, kipande cha lava. Sekunde tatu kwa kipimo, tatu kwa nusu hatua juu, tatu kwa nusu chini, kila mara mkiandika kwenye kibao ndani ya fremu. Ni gharama ndogo kuliko kujua shata la kamera yako siku ya mazishi ya chifu.

Sasa kutunza filimu mbichi. Kiwanda kinaifunga ndani ya mfuko au mkebe usiopitisha unyevu. Mkiacha imefungwa, adui ni joto peke yake: chini ya digrii 13 kwa miezi sita, na kwa muda zaidi friza ya digrii 18 chini ya sifuri. Joto haliharibu matabaka matatu kwa usawa. Moja linachoka kabla ya mengine, na vivuli vinapata rangi ambayo huwezi kuichuja. Umeme wa hapa unakatika, tunajua. Jazeni friza chupa za maji yaliyoganda mpaka isibaki nafasi. Barafu hiyo inashikilia baridi kwa saa nyingi. Frigo inayofunguliwa kila dakika na watoto wanaotafuta soda si mahali pake.

Kosa kubwa linatokea wakati wa kuitoa. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na chochote baridi kinatoka jasho. Katriji ikifunguliwa ikiwa baridi, maji yanatua juu ya emulsheni (matabaka yanayohisi mwanga), mizunguko ya filimu inashikamana na kuacha madoa. Itoeni ikiwa imefungwa, ikae kivulini: saa moja na nusu inatosha kwa Super 8 au bobini ya futi 100 kutoka kwenye friza, saa tatu ni salama zaidi. Msiharakishe kwa kuiweka juani. Gari lililofungwa mchana, na mfuko mweusi juu ya lava, vinaweza kuiharibu filimu kwa siku moja zaidi ya frigo ilivyoilinda mwaka mzima.

Mkebe ukishafunguliwa, kinga ya kiwanda imekwisha. Piga, kisha peleka kwenye dawa haraka, maana picha iliyofichika ndani hufifia na rangi huhama. Kama kusafirisha kutachukua wiki, weka bobini kwenye mfuko mzito wa plastiki pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu), toa hewa, funga, kisha frigo. Silika ikibadilika rangi, ikaange kwenye oveni kwa digrii 120 hivi saa mbili, ikauke, itumike tena. Usikaushe filimu kupita kiasi: ikikauka sana hupasuka na kutoa cheche za umeme zinazochora matawi meupe kwenye picha.

Jambo la pili ni hewa yenyewe. Gesi za salfa, moshi wa makala, moshi wa jenereta, petroli, rangi za mafuta, gundi, na zile peremende nyeupe za kufukuza nondo kabatini, vyote vinadhuru emulsheni mbichi na rangi iliyokwisha kusafishwa. Volkano ikipumua kuelekea mjini, au jiko la makala likiwa chumba cha pili, filimu ikae ndani ya mifuko miwili iliyofungwa. Chumba cha jenereta kisiwe ghala hata siku moja.

Uwanja wa ndege: filimu isiyosafishwa isiingie kwenye mzigo unaopita chini, na isipite kwenye mashine mpya za CT (eksirei zenye nguvu zaidi) hata kwenye mzigo wa mkononi. Ibebeni kwenye mfuko unaoonekana ndani, ombeni kwa heshima ikaguliwe kwa mkono, na mfike mapema ili afisa awe na muda wa kukubali. Mfuko wa risasi unamfanya tu aongeze nguvu ya mashine.

Juu ya maabara tutasema machache, maana ni kazi ya wengine. E-6 inataka dawa ya kwanza kwa digrii 38.0, uvumilivu ni 0.3 tu, dakika sita. Kama mmepiga bobini nzima kwa hisia ya 200 badala ya 100, waambieni waongeze hatua moja, ambayo ni dakika mbili zaidi. Weusi utapungua uzito na chembe zitaonekana. Haifanyiki kwa nusu ya bobini.

Tumalizie na filimu zilizokwisha kusafishwa, zile zilizoko kwenye masanduku ya parokia na ya familia hapa Kivu. Za milimita 16, 8 na Super 8 kwa kawaida ni za plastiki ya asetati, na asetati ikioza inatoa harufu ya siki. Kwa digrii 21 na unyevu wa asilimia 50, asetati mpya huchukua miaka 40 hivi kabla siki kuanza. Joto letu ni karibu hilo, lakini unyevu wetu ni mkubwa zaidi, kwa hiyo msihesabu miaka 40. Siki inaambukiza: bobini yenye harufu itengwe chumba kingine. Kuna vipande vya karatasi vinavyoitwa A-D, vya buluu. Weka kimoja ndani ya mkebe siku moja, kikigeuka kijani uozo umeanza, kikiwa cha njano nakili bobini hiyo kwanza kabla ya nyingine zote. Toeni filimu kwenye mikebe yenye kutu, ondoeni karatasi na mipira ya kufungia, wekeni kwenye makopo ya polipropileni yenye kupumua, yalale chali na si wima, rafu ikae juu ya sakafu na mbali na ukuta wa nje. Unyevu ukipita asilimia 65, kuvu inaanza kula jelatini. Kuvu kavu ipanguseni kwa kitambaa laini na kimiminika cha kusafishia filimu. Maji hapana, jelatini iliyoliwa na kuvu inayeyuka.

Mkikuta Kodachrome ya zamani iliyosafishwa, furahini, rangi zake zinadumu vizuri gizani, ingawa projekta inazifubaza, kwa hiyo skanini badala ya kuionyesha kila Krismasi. Mkikuta Kodachrome ambayo haijasafishwa, maabara ya mwisho duniani iliacha kuipokea mwishoni mwa 2010. Leo inatoka nyeusi na nyeupe tu, na kwa shida. Ektachrome za matangazo ya televisheni, kama 7240 na 7250, zilitaka dawa yake ya VNF, msizipeleke E-6 ya kawaida bila kuuliza maabara kwanza.

Juu ya kila mkebe andikeni kwa kalamu isiyofutika: aina ya filimu na namba ya emulsheni, tarehe ya kupigwa, hisia mliyotumia, filta, spidi ya fremu, kamera, na kama imesafishwa au bado. Neno «bado» liandikwe kwa herufi kubwa pande zote mbili, na utepe uzungushwe kwenye ukingo wa mkebe, ili mtu mwenye hamu ya kuona asiufungue juani.